Fundi wa Kamati ya Ufundi

Kwetu Msambweni neno fundi lina milango miwili. Ukipitia mlango wa mbele utamkuta mshona nguo, mwashi au mtengeneza baiskeli. Ukipitia wa nyuma utamkuta mtu ambaye hutaki jirani ajue kwamba ulikwenda kwake. Huyu ninayemweleza hapa aliishi miaka yake yote kwa mlango wa mbele, na watu wakamtoa kwa mlango wa nyuma.

Jina hatukumwita. Alikuwa Fundi tu, hata wakeze wawili, Mungu awarehemu, walimwita hivyo. Alizaliwa wapi, na nani, si kazi yangu. Nilipopata akili nilimkuta kibarazani kwake, nyuma ya cherehani, na pini zimejipanga kifuani mwa shati lake. Naandika kwa sababu jina lake limechafuliwa na hakuna aliyejisumbua kulisafisha. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kumlaumu, ni mimi, maana aliyekufa ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nami simlaumu.

Kwanza nimweleze alivyokuwa. Hakupima mtu kwa utepe. Alikutazama mara moja unavyopanda ngazi ya baraza, akakata kitambaa, na nguo ikakukaa. Ukimwambia umenenepa tangu Idi iliyopita, alikwambia, "Najua, ngazi imeniambia." Alikuwa mkali kwa mishono ya wenzake. Aliweza kumsimamisha mtu njiani, akaushika ukosi wa shati lake na kuuliza ni nani aliyemfanyia uadui huu. Wengi walicheka. Wengine walichukia, na chuki ndogo kama hizo, kumbe, watu huziweka akiba.

Alikuwa mtu wa swala tano, na waganga hakuwapenda hata kidogo. Mtu akipita na hirizi mkononi, Fundi alimwambia, "Huo mshono wa ngozi ni mbaya, na kilichomo ndani ni kibaya zaidi." Lakini mtu huyo huyo aliogopa bahari. Mtu wa pwani, asiyetia mguu majini hata kwa kuosha! Nilipomtania alinijibu kwamba bahari ni nguo isiyo na pindo, hujui pa kuanzia kuishona. Aliogopa pia penalti, na hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Sasa niseme habari ya timu, maana bila timu Fundi angekufa fundi wa kanzu.

Timu yetu ya zamani iliitwa Umoja, na ilivunjika kwa ugomvi. Mtaa wa juu ulitaka kipa atoke kwao, mtaa wa chini ukasema kipa ni wao tangu enzi. Wakagawana jezi, wakagawana mipira, na zikabaki nguzo za magoli tu kwa kuwa hazikugawika. Miaka ikapita. Mbuzi walilala golini, na wanawake wa jirani wakaanika mihogo juu ya mtambaa wa panya. Halafu vijana wa mitaa yote miwili wakachoka kuchezea timu za watu wa Ukunda na Kinondo, wakaitisha mkutano katika darasa la shule ya msingi ili timu ifufuliwe. Mimi nilikuwapo kwa sababu ya viazi karai vyangu. Palipo na watu kwa saa mbili, na mimi nipo na karai.

Wakuu wa ligi walikuwa wametuma masharti. Timu ikitaka kusajiliwa lazima iwe na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na kamati ya ufundi. Watatu wa kwanza wakapatikana kwa kelele za kawaida. Ilipofika kamati ya ufundi watu wakatazamana. Huko kwingine kamati hiyo ni ya watu wanaoujua mpira, wa kumshauri kocha mazoezi na mpango wa mchezo. Kwetu sisi neno hilo lilikwisha haribika zamani. Ukisikia timu ina kamati ya ufundi, ujue kuna mzee anayekwenda kiwanjani alfajiri kufukia kitu golini.

Kimya kile kilivunjwa na ndugu yangu Sele, mlinda lango, mchekeshaji asiyeweza kuona kimya akakiacha. Akanyanyua mkono. "Bwana mwenyekiti, mnahangaika nini? Fundi si huyu hapa!"

Darasa zima likaangua kicheko. Fundi alikuwa amekuja kuuliza rangi ya jezi tu. Wakamchagua kwa kupiga makofi, mjumbe wa kwanza na wa pekee wa kamati ya ufundi ya Umoja Mpya. Yeye mwenyewe alisimama, akashukuru, akaomba dua. Siku chache baadaye alipita kwangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanasha, hebu nieleze. Huo ufundi wenyewe ni wa jezi au ni wa mipira?"

"Sijui, Fundi. Wewe shona tu."

"Basi nitashona," akasema.

Akashona. Jezi za buluu zenye ukosi mweupe, namba zimekatwa kwa kitambaa na kushonwa kwa mkono. Alianza na namba moja kila mara, akasema mlango wa nyumba hujengwa imara kabla ya madirisha. Siku za mechi alikuja na kikapu chake: mkasi, nyuzi, sindano, chaki. Mchezaji akichanikiwa, alimwita pembeni akamshonea jezi mwilini, hana haja ya kuivua. Alikuwa na sharti moja. Anayeshonewa hushika ncha ya uzi kwa meno mpaka kazi iishe. Sababu yake nilimsikia akiitoa mwenyewe: mchezaji akiachwa kinywa wazi atamtukana refa, atajitikisa, sindano itamchoma. Ni hilo tu, hakuna jingine.

Lakini mtazame kwa macho ya mgeni. Mzee wa kanzu, mwenye kikapu, anamtia kijana uzi mdomoni, anamchoma sindano begani huku midomo yake inacheza. Kijana anarudi ndani, anafunga bao. Na timu inayocheza nasi ikipewa penalti, mzee yule yule anaugeuzia uwanja mgongo, anatazama mikorosho, na midomo inacheza tena. Sisi tulijua kwamba roho yake haiwezi kustahimili, kwamba anasoma dua kama mtu aliye ndani ya mashua. Wageni walijua kwamba kamati ya ufundi iko kazini.

Habari ikaenea mpaka Lungalunga. Timu zikaanza kuingia kwetu kwa kupenya mikoroshoni badala ya njia kuu. Timu moja iliingia kinyumenyume, wachezaji wote na kocha wao, nusura niangushe karai kwa kicheko. Wapiga penalti wao walitetemeka. Sele alizidaka penalti nyingi kwa sababu wenye kuzipiga walimtazama mgongo Fundi badala ya kuutazama mpira. Tukapanda daraja. Vijana wetu nao wakamtania waziwazi, "Fundi, leo umefukia hirizi ngapi?" Naye akajibu, "Saba, na ya nane iko mfukoni." Kila mtu alicheka, naye akacheka kuliko wote.

Nilimuuliza siku moja kwa nini hakanushi. Nilikuwa nimempelekea viazi, naye anatia vifungo kwenye gauni la bibi harusi.

"Uongo huu sijausema mimi, mwanangu," akasema. "Nimeunyamazia tu. Wakiiogopa sindano yangu, watoto wetu wanapata nafasi ya kupumua."

"Na wakija kuuamini?"

"Nani? Mimi wananijua. Nimewashonea nguo za kutahiriwa."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hilo tulifundishwa tukiwa wadogo na tukalikariri kama kasuku.

Siku yenyewe tulikuwa tunacheza na timu ya Diani. Kabla ya mapumziko Sele alivutwa jezi, bega likachanika. Akaja pembeni, akauma uzi, Fundi akamshonea. Kipindi cha pili kikiwa ukingoni Diani wakapewa penalti. Fundi akatupa mgongo kama kawaida yake. Sele aliruka kushoto, akautoa mpira kwa ncha za vidole, na kichwa chake kikaenda moja kwa moja kwenye nguzo. Nguzo zetu ni boriti, hazina huruma. Alilala kidogo. Akanyanyuka, akacheka, akanyoosha kidole gumba, na akamaliza mechi. Watu walimbeba juu. Jezi ilikuwa imechanika upya pale pale begani, na akamwachia Fundi akaitengeneze.

Jua lilipotua akaanza kutapika. Akaniita kwa jina la shangazi yetu aliyekwisha kufa. Mwenyekiti wa timu na wachezaji wawili walikuwa pale nyumbani, na mama amemshika kichwa. Fundi alikuja mbio, kanzu ameishika mkononi.

"Mpelekeni hospitali," akasema. "Sasa hivi. Kichwa kimegongwa naye anatapika, hilo si la kungoja."

Hospitali haikuwa mbali. Wallahi haikuwa mbali. Lakini mwenyekiti alimtazama Fundi kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona, akauliza taratibu, "Wewe ulijuaje? Wakati anaumia ulikuwa umetupa mgongo."

Hapo ndipo nilipouona ule mzaha umesimama mlangoni, mtu mzima, hacheki tena. Mchezaji mmoja akasema alimtia uzi mdomoni kabla. Mwingine akasema begani, upande ule ule alioangukia. Mimi nilipiga kelele nikasema mnachekesha, huyu ni fundi cherehani. Nikaambiwa ninyamaze, mambo ya wanaume. Mama alimtazama Fundi tu, kisha akakivuta kichwa cha mwanawe karibu na kifua chake, kama unavyomficha mtoto asionwe na mbwa.

Hawakumpeleka hospitali. Walimpakia pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakampeleka kwa mganga wa bara ya Kinango akateguliwe uchawi. Ndugu yangu alifia huko siku ya pili, kabla ya adhuhuri, akiwa amefukizwa ubani na kichwa chake kimevimba. Umri wake ulikuwa wa kuoa. Ninakasirika ninapoyaandika haya, na sioni sababu ya kuficha. Waliomuua ni boriti na ujinga, na ujinga ulikuwa na nafasi ya kumwokoa.

Baada ya hitima watu walianza kuchukua vitambaa vyao kibarazani bila kushonwa. Walikuja wakati Fundi yuko msikitini, wakavipapasa kwa ncha za vidole, wakaondoka. Yule bibi harusi aliyeshonewa gauni aliharibikiwa na mimba, nalo likawekwa juu ya Fundi. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Fundi aliomba kula kiapo msikitini mbele ya wote. Imamu akakubali, siku ikawekwa. Akaja yeye, imamu, mimi nimekaa nje barabarani, na wengine wakaenda kutazama mpira wa Ulaya. Wiki hiyo akakuta neno MCHAWI limeandikwa mlangoni kwake, kwa chaki yake mwenyewe ya kukatia.

Huku kwetu mvi zimewaponza wazee wengi, na mapanga yanayowafuata hayajulikani ni ya nani. Mawe yalipoanza kuanguka kwenye mabati, Fundi akafunga cherehani kwenye mkokoteni, baada ya alasiri, watu wote wanaona. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Umoja Mpya haikumaliza msimu. Vijana wakaogopa kukaa golini.

Miaka ikapita tena, na mbuzi wakarudi kulala mahali pao.

Mwaka huu timu imefufuliwa mara ya pili. Viongozi ni wapya, wengi wao vijana wanaofanya kazi hoteli za Diani, wanavaa miwani hata kukiwa na mawingu. Walinijia kiwanjani, nikiwa na karai lile lile. Walikuwa wamesikia, kama nilivyosikia mimi kwa wauza mbuzi, kwamba Fundi yuko Taru, ana cherehani kando ya barabara kuu. Wakanipa furushi la kitambaa cha buluu lililofungwa kwa kamba.

"Sista, tunataka jezi zishonwe na mkono ule ule," katibu akaniambia. "Ni rispekti tu. Mzee arudi, atusamehe, aturudishie ile kitu."

Nilipaswa kuuliza hicho kitu ni kipi. Lakini mtu aliyengoja neno la radhi kwa miaka, akilisikia hasikilizi yanayofuata. Nililia mbele yao. Mama sikumwambia ninakokwenda.

Taru ni vumbi, malori na mbuzi. Nilimkuta chini ya kibanda cha mabati, anashona mifuko ya magunia ya wafuga mbuzi. Amekonda, miwani imefungwa kwa uzi. Aliinua macho nilipokuwa bado barabarani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umepungua, Mwanasha," akasema. "Kaa."

Nikamweleza ujumbe, maneno yakikimbizana: wanakuomba radhi, wanataka urudi, hiki ni kitambaa cha jezi. Akafungua kamba. Alikikunjua kitambaa magotini, mkunjo wa kwanza, wa pili, na wa tatu ukamwaga mchanga. Ulikuwa umefungwa ndani ya karatasi ya nailoni, nayo ikafunguka, ukamwagika juu ya kikoi chake na juu ya cherehani. Pamoja na mchanga kilianguka kipande cha uzi wa wavu.

Sote wawili tulijua ni mchanga wa wapi. Ulikuwa wa golini kwa timu ambayo Umoja wangecheza nayo kutafuta kupanda daraja, mchanga wa kupelekewa mganga autilie dawa.

"Wallahi, Fundi, sikujua."

"Najua hukujua." Akaukung'uta mchanga taratibu, akahakikisha hakuna hata chembe iliyobaki kwenye mashine. "Sasa niambie, mwanangu. Wamenitaka mimi, au wamemtaka yule?"

Akakikunja kitambaa vizuri zaidi kuliko nilivyokileta, akakifunga kwa kamba ile ile. "Warudishie. Waambie hukumkuta. Yule wanayemtaka hajapata kuwapo, nami ndiye niliyemwachia nafasi ya kukaa. Nilinyamaza kwa sababu ilinifurahisha kuogopwa. Nilipotaka kusema, hapakuwa na sikio."

Kisha akauliza jambo ambalo halikuwahi kunijia akilini kwamba halijui. "Sele aliudaka, au aliutoa nje?"

Alikuwa amempa mgongo. Miaka yote hiyo hakuwa na mtu wa kumuuliza. Nikasimama pale kwenye vumbi, mwanamke mzima, nikamwonyesha: mguu huu, mkono huu, vidole hivi, mpira ukapita pembeni ya nguzo. Alitazama kwa makini mpaka mwisho. "Aliutoa nje," akasema. "Vizuri."

Akainama, akavuta kisanduku, akatoa jezi namba moja. Buluu yake imefifia, imepigwa pasi. Bega bado limechanika, nyuzi zinaning'inia kama zilivyokuwa siku ile.

"Hukuishona," nikasema. Yeye asiyeweza kuona ukosi umepinda njiani!

"Nilishika sindano mara nyingi. Nikajiambia, nikiitoboa tu, na wakijua, watasema ninaendelea na kazi. Nikawa naiogopa sindano yangu mwenyewe." Akaisukuma kwangu. "Mpelekee mama yako hivyo hivyo. Mwambie sikuigusa."

"Ishone, Fundi."

"Mwanasha..."

"Mimi ni damu yake na ninakuomba. Ishone, ninakutazama."

Hakutumia mashine. Nilimtungia uzi kwa sababu macho yake hayaoni tundu. Akasema Bismillahi kwa sauti kubwa, wenye mbuzi wakageuka, akashona bega la ndugu yangu kwa mkono, mshono mdogomdogo, nyuzi mbili. Alilia, na mimi nililia, wala hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Alipomaliza akaukata uzi kwa meno.

Viongozi niliwarudishia kitambaa chao, nikawaambia sikumkuta. Nilisikia wakinong'ona kwamba mzee anajificha, basi ana makubwa.

Mama macho yake sasa yamefunga ukungu. Nilimpa jezi jikoni. Akaijua kwa harufu, ingawa sidhani harufu imebaki. Akaipapasa kifuani, kwenye namba, akapanda mpaka begani, na vidole vikasimama.

"Hapa palichanika," akasema. "Nani ameshona?"

"Fundi, mama. Mbele yangu."

Hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Aliikunja, akanirudishia.

"Ifumue," akasema. "Halafu ndipo uniletee."

Jezi iko sandukuni kwangu. Kila siku chache mama huiulizia, na kila akiuliza namwambia sijaifumua, naye hunipa mgongo.